Kranberi Haioti Majini

Kwa miaka sita ya kwanza niliyoishi Massachusetts niliamini, bila kumuuliza mtu yeyote, kwamba kranberi ni tunda linaloota ndani ya maji. Kila ifikapo Oktoba, magazeti na televisheni za hapa huonyesha picha ileile ya watu waliovaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wamesimama katikati ya ziwa jekundu. Mimi nimekulia Pemba, ambako mpunga wa mabondeni husimama majini muda mrefu kabla haujakaribia kuiva, na kwa hiyo sikuona ajabu yoyote katika picha hiyo. Nilidhani ni jaruba la aina nyingine, lililopandwa tunda badala ya nafaka.

Aliyenitoa ujingani ni mwenzangu wa kazini, mama aliyekwisha kupita miaka 60, ambaye babu na bibi yake walitoka kisiwa cha Brava, katika visiwa vya Cabo Verde. Siku moja wakati wa mapumziko alinisikia nikiwaeleza wenzetu habari ya jaruba langu kwa kujiamini kabisa, akakiweka kikombe chake mezani na kucheka mpaka akafuta machozi. "Mwanangu," aliniambia, "tunda hilo hukaa pakavu. Maji huitwa yakiwa na kazi, yakimaliza huondoka. Jumamosi nitakupeleka ukaone."

Jumamosi hiyo, katika wiki ya pili ya Oktoba, tukashika njia ya kusini mashariki mpaka Carver, mji mdogo wa Kaunti ya Plymouth ambao pamoja na jirani zake Wareham na Middleborough ndio kitovu cha kilimo hiki katika jimbo la Massachusetts. Kamusi zetu huyaita majira haya vuli, nami nimekubali kulitumia neno hilo, ingawa kwa mtu wa Pemba vuli ni mvua, na hapa vuli ni majani ya miti kugeuka rangi ya binzari, kisha ya damu, kisha kupukutika. Barabara ilipita katikati ya misonobari, na kila baada ya mwendo mfupi misonobari ilifunguka na kuonyesha uwanda wa chini, tambarare kama uwanja wa mpira, uliozungukwa na mfereji na tuta la mchanga. Wenyeji huuita uwanda huo kwa neno linalomaanisha kinamasi. Wa kwanza tuliosimama kuutazama ulikuwa mkavu kabisa.

Mwenye shamba, mzee mkimya aliyekuwa akimfahamu mwenzangu tangu utotoni, alituruhusu kushuka mahali pamoja tu, akatuonya tusitembee ovyo kwa sababu kila hatua huponda matunda. Nilipochuchumaa ndipo nilipoelewa ninachokitazama. Kranberi ni mmea utambaao, wenye marando yanayosambaa ardhini kama ya viazi vitamu, ila ni membamba kama waya na ni magumu, na kutoka katika marando hayo huinuka vijiti vifupi vilivyosimama wima, visivyozidi shubiri moja, vyenye majani madogo yanayong'aa. Matunda hukaa kwenye vijiti hivyo. Nilipoyafunua majani kwa vidole nilikuta tunda lililokuwa jekundu sana upande wa juu, na upande wa chini, ulioegemea mchanga bila kupigwa na jua, lilikuwa na baka jeupe kama jicho. Mzee alisema baka hilo ndilo linalomwambia kama asubiri wiki nyingine, kwa kuwa rangi hutokana na mwanga wa jua na usiku wa baridi, na vuli ikichelewa kupoa, mkulima naye huchelewa kuvuna.

Nilitia tunda moja mdomoni. Lilipasuka kwa sauti, kisha ukali wake ukanikunja uso. Si ukali wa limau. Ni wa ukwaju mbichi uliochanganyika na ukakasi wa bibo. Mwenzangu alikuwa akinisubiri nifanye hivyo, maana simu yake ilikuwa tayari kunipiga picha.

Mmea huu ni wa asili ya Amerika Kaskazini. Wawampanoag, wenyeji wa pwani hii, waliuchuma porini karne nyingi kabla ya meli za Waingereza kutia nanga Plymouth mwaka 1620, na walilipa tunda hilo jina la sasumuneash. Walowezi ndio waliolibatiza jina linalotumika leo, ambalo inasemekana lilitokana na ua lake, kwa sababu ua hilo jeupe lenye wekundu kidogo huikunja petali zake nyuma na kuinama kama kichwa cha korongo. Kilimo chenyewe kilianza mwaka 1816 katika mji wa Dennis, kwenye rasi ya Cape Cod. Henry Hall, aliyekuwa mwanajeshi katika vita vya uhuru vya Marekani, aliona kwamba marando ya porini yaliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa na upepo hayakufa, bali yalitoa vijiti vingi na matunda mazuri zaidi kuliko yale yaliyobaki wazi. Akaanza kuyahamisha marando, kuyawekea uzio na kuyamwagia mchanga kwa makusudi.

Jambo hilo la mchanga ndilo lililonishika kuliko yote, kwa sababu bado linafanyika. Mzee alituonyesha ukingo wa mfereji ulioporomoka, na pale ardhi ilionekana imejipanga mistari: mchanga wa kijivu, kisha utepe mwembamba mweusi wa majani yaliyooza, kisha mchanga tena, kisha weusi, mpaka chini kabisa kulikokuwa na mboji nyeusi ya kinamasi cha zamani. Kila mstari wa mchanga ni safari moja ya kuuongeza, jambo linalofanyika kila baada ya miaka michache. Mchanga huyafunika marando, nayo hutoa mizizi mipya. Huwafukia wadudu waharibifu. Huacha maji yapite upesi. Kwa utaratibu huo shamba halihitaji kupandwa upya, na yapo mashamba katika eneo hili yenye marando yaliyopita umri wa miaka 100 na ambayo bado yanazaa. Namna ya kuumwaga mchanga huo ndiyo iliyonifanya nimuombe mzee arudie maelezo yake. Wakati wa baridi kali shamba hufurikwa maji, maji huganda kuwa barafu, na barafu ikishakuwa nene ya kutosha magari hupanda juu yake na kutandaza mchanga kwa kipimo cha sentimita chache. Kazi inayobaki hufanywa na jua, kwa kuwa barafu ikiyeyuka mchanga hushuka wenyewe taratibu na kutua sawasawa juu ya mimea.

Hapo nikaanza kuyaelewa maneno ya mwenzangu kwamba maji huitwa yakiwa na kazi. Kazi ya kwanza katika mwaka ni hiyo ya baridi kali, ambapo maji na barafu huilinda mimea isikaushwe na upepo. Ya pili ni ya usiku wa masika ya huku, na tena usiku wa vuli, pale jalidi inapotishia kuua machipukizi au matunda. Katika usiku kama huo mkulima hufungua vinyunyizio na kuyamwagia mashamba yake maji mpaka asubuhi. Nilidhani sikusikia vizuri, kwa maana kummwagia maji kitu unachohofia kitaganda ni jambo lisiloingia akilini, lakini sababu yake ni ya kisayansi kabisa: maji yanapoganda hutoa joto, na maadamu maji mapya yanaendelea kuanguka na kuganda, chipukizi lililo ndani ya ganda la barafu hubaki karibu na nyuzi 0 bila kushuka zaidi. Hatari ni pampu kuzimika katikati ya usiku. Chama cha wakulima wa Cape Cod, kilichoanzishwa mwaka 1888, huwatumia wanachama wake tahadhari za jalidi, na huko East Wareham kuna kituo cha Chuo Kikuu cha Massachusetts ambacho kimekuwa kikilitafiti tunda hili tangu mwaka 1910. Mzee alisema kwamba katika ujana wake mke wake aliijua sauti ya pampu kuliko sauti yake yeye, kwa kuwa ilipobadilika tu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka.

Kati ya kazi hizo shamba hukauka, hutoa maua mwezi wa Juni, na mizinga ya nyuki huletwa kwa malori ili kusaidia uchavushaji. Kisha huja mavuno, na hapo maji huitwa kwa kazi yake maarufu.

Shamba la pili tulilopelekwa lilikuwa limefurikwa tangu jana yake. Maji hutoka katika bwawa la juu, hupita kwenye mlango wa mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine, na mkulima akitaka kuyapunguza huondoa ubao mmoja, ufundi ambao mkulima yeyote wa mpunga angeutambua mara moja. Maji hayohayo yakimaliza kazi katika shamba moja hufunguliwa kuingia la pili, kisha la tatu. Maji yakishafika kiasi cha goti, mashine yenye magurudumu ya vyuma, mfano wa kile kifaa cha kupigia mayai ya keki, hupita ikiyakoroga, na matunda hung'oka katika vijiti na kuibuka. Huibuka kwa sababu ni matupu ndani. Mzee alikata moja kwa kisu chake cha mfukoni na kunionyesha vyumba vinne vidogo vya hewa, na katikati mbegu chache zisizozidi punje za ufuta. Kumbe vyumba hivyo ndivyo vilivyoleta ziwa lote lile jekundu.

Baada ya kukoroga, maji huongezwa ili matunda yapande juu ya majani, na hapo ndipo nilipojihisi niko nyumbani. Watu wanne waliingia majini wakivuta uzio unaoelea, mrefu, wa rangi ya manjano, wakauzungusha taratibu kuyakusanya matunda upande mmoja, na mwendo wao, jinsi walivyoinama na kuitana, ulikuwa mwendo wa wavuvi wanaokokota juya pwani ya Wete. Tofauti ni kwamba ndani ya juya hili hakukuwa na samaki, bali tandiko zima la rangi nyekundu lililokuwa likizidi kujikunja na kunenepa kila uzio ulipokazwa. Pembeni pampu iliyanyonya matunda na kuyatupa kwenye mtambo unaoyatenga na majani na maji, na kutoka hapo yaliingia kwenye lori.

Niliruhusiwa kuvaa suruali ya mpira na kuingia. Baridi ya maji hupenya mpira ule bila kukulowesha, na miguu hubanwa na marando yaliyolala chini, kiasi kwamba hatua kumi huchosha kama mia. Jambo ambalo picha za magazeti haziliongelei ni buibui. Mashamba haya yamejaa buibui wawindaji, wasiotega utando, na maji yanapopanda nao hutafuta pakavu, na pakavu pa karibu ni mtu. Nilipoinamisha macho niliona kumi hivi wakinipanda kifuani kwa haraka ya abiria waliochelewa boti. Kijana aliyekuwa karibu nami aliniambia nisiwapige, kwa kuwa ni vibarua wa shamba wasiolipwa: hula wadudu mwaka mzima. Niliwaacha, ingawa sitasema kwamba niliwaacha kwa furaha.

Zaidi ya asilimia 90 ya kranberi huvunwa kwa maji namna hii, nazo huishia kwenye juisi, rojo la makopo na matunda yaliyokaushwa. Zile zinazouzwa mbichi huvunwa shamba likiwa kavu, kwa mashine inayosukumwa kama ya kukatia nyasi, yenye meno yanayochana vijiti. Hizo hupimwa kwa njia iliyonifurahisha mno, yaani kwa kudundishwa. Tunda zima lenye hewa ndani hudunda kama mpira. Lililooza au kupondeka halidundi. Inasimuliwa kwamba mkulima mmoja wa New Jersey, John Webb, aliyekuwa na mguu wa mti na hakuweza kuyabeba matunda yake kushuka ngazi, aliyamwaga kutoka ghalani, akaona mazuri yanadunda mpaka chini na mabovu yanabaki kwenye vidato. Mashine za mbao zilizobuniwa baadaye zililipa kila tunda nafasi kadhaa za kuruka kibao, na lisiloruka hata mara moja liliangukia kapu la takataka.

Tulipokuwa tumekaa juu ya tuta tukinywa chai kutoka chupa yake, mwenzangu aliniambia habari ya jamaa zake. Watu wa Cabo Verde walifika pwani hii kwanza kama mabaharia wa meli za kuwinda nyangumi zilizokuwa na makao yake New Bedford, na uwindaji huo ulipofifia wengi wao waliingia katika mashamba ya kranberi, wakifuata nyayo za vibarua wengine wahamiaji, wakiwemo Wafini na Waitaliano. Walichuma wakiwa wamepiga magoti, kila mmoja katika njia yake iliyopimwa kwa kamba, kwanza kwa mikono na baadaye kwa sanduku la mbao lenye meno kama chanuo, na walilipwa kwa kipimo walichojaza. Mwaka 1911 mpigapicha Lewis Hine, aliyekuwa akifanya kazi kwa niaba ya kamati ya kitaifa iliyopinga ajira ya watoto, aliwapiga picha watoto wachumaji katika mashamba haya, na mwaka 1933 wachumaji, wengi wao wakiwa ni watu wa Cabo Verde, waligoma kudai malipo bora. Baadhi ya familia hizo hatimaye zilinunua mashamba yao wenyewe. Ya bibi yake haikununua. Sanduku la kuchumia la bibi huyo sasa limetundikwa sebuleni kwake, na meno yake mawili yamevunjika.

Nilimweleza kuhusu msimu wa karafuu nyumbani kwetu, jinsi familia nzima inavyohamia shambani, jinsi mchumaji alivyolipwa kwa pishi, na jinsi sisi watoto tulivyokesha tukitenga karafuu na makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi. Hakushangaa. Aliniuliza swali moja tu: pishi lilikuwa la nani, la mchumaji au la mwenye shamba? Kwa sababu kipimo cha zamani cha Carver, alisema, kilikuwa na desturi ya kuongezeka kina kila mwaka. Tulicheka sote wawili, watu wa visiwa tuliokaa juu ya tuta la mtu mwingine.

Mambo ya soko nitayapitia kwa ufupi, maana mzee mwenyewe hakutaka kuyaongelea kwa urefu. Tunda hili kwa miaka mingi lilitegemea siku moja tu, ile sikukuu ya Shukrani ya mwezi wa Novemba ambayo bata mzinga haliwi bila rojo la kranberi, na udhaifu huo ulionekana Novemba 1959, pale waziri wa afya wa Marekani, Arthur Flemming, alipotangaza wiki mbili na ushei kabla ya sikukuu kwamba baadhi ya mazao yalikuwa na mabaki ya kiuagugu, na wanunuzi wakakimbia. Ushirika wa Ocean Spray, ulioanzishwa mwaka 1930 na wakulima wa Massachusetts na New Jersey, ukaweka nguvu katika juisi ili tunda lipate kunywewa mwaka mzima. Juisi ilileta neema, neema ikaleta mashamba mapya, na mashamba mapya yakaua bei: pipa, ambalo bado ni kipimo cha biashara hii na ni sawa na kilo 45 hivi, lilishuka kutoka zaidi ya dola 60 mnamo 1997 hadi chini ya dola 20 miaka miwili baadaye. Wakati huo Wisconsin ilikuwa imekwisha kuipita Massachusetts, na leo jimbo hilo hutoa zaidi ya nusu ya kranberi zote za Marekani kutoka mashamba makubwa na yaliyonyooka kuliko haya ya huku. Anayetoka Zanzibar haambiwi mara mbili habari ya zao moja na bei yake.

Wakati wa kurudi tulipita Plymouth, kwenye hifadhi ya Tidmarsh, iliyofunguliwa mwaka 2017 mahali palipokuwa shamba kubwa la kranberi. Mifereji imefukiwa, mabwawa yamebomolewa, kijito kimeachwa kijipindie kinavyotaka, na mimea ya kinamasi imeota tena, mingine kutokana na mbegu zilizolala chini ya mchanga kwa miongo mingi. Wakulima wanaozeeka bila mrithi sasa wana njia hiyo ya kuachana na ardhi. Mwenzangu hakushuka garini. Alisema pamependeza, lakini yeye amezoea kukiona kinamasi kikifanya kazi.

Kwa anayetaka kwenda, mavuno huanza katikati ya Septemba na kuendelea hadi mapema Novemba, na Oktoba ndiyo yenye rangi. Mashamba mengi ni mali ya watu binafsi, kwa hiyo tafuta yanayopokea wageni au simama barabarani utazame. Viatu vilowe au visilowe, usikanyage marando.

Nilinunua mfuko wa zile zilizovunwa kavu. Nyumbani binti yangu alizichukua zote akazimwaga kwenye ngazi za ghorofa, na nusu saa nzima tulikuwa tukikimbizana nazo chini ya viatu na nyuma ya mlango. Kumi na moja hazikudunda. Zilizobaki nilizitia sufuriani kwa maji kikombe na sukari kikombe, zikapasuka moja baada ya nyingine kama bisi, na baada ya dakika kumi rojo likaganda lenyewe bila kuongezwa kitu. Nusu yake niliitenga nikaitia pilipili, kitunguu saumu na siki, tukaila kwa pilau. Nilimpigia mama Pemba kwa simu ya video, nikamwonyesha tunda moja karibu na kamera na kumweleza ukali wake, vyumba vyake vya hewa, maji, barafu na buibui. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama ndani lina kokwa. Nikamwambia hapana, ni mbegu ndogo tu.

"Basi hilo halifikii bungo," akasema, na kuniuliza karafuu huko zinauzwa bei gani.